Nilivyopigwa faini na makungwi wa Kitangari kwa sababu ya jazz ya Zaburi

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Wakubwa shikamooni, wadogo mtaniamkia kwenye comments.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Kazi yangu kucheka na kupita. Ila juzi kuna mwenzetu kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba jazz ni muziki wa watu wa hotelini Dar, huku mikoani tukiisikia tunasinzia. Nikaona huyu nisimtukane, nimjibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Sitatia chumvi. Waliokuwepo siku hiyo wengine wamo humu jukwaani na wananijua kwa sura, nikidanganya watanisuta hapahapa.

Kwanza mnijue. Naishi Masasi, mitaa ya Mkomaindo. Mchana nauza vipuri vya pikipiki, wikiendi napiga drums kwenye bendi ya maharusi. Baba Mmakua, mama Mmakonde wa Newala. Korosho zikishauzwa na watu wakaanza kuoa na kutoa watoto jandoni, simu yangu haipoi.

Nilikuwa najiona najua jazz. Baba yangu mdogo zamani alikuwa kwenye bendi yenye jina la Jazz. Wahenga mnakumbuka, enzi zile kila bendi yenye magitaa matatu na tarumbeta moja ilijiita Jazz, na wote walikuwa wanapiga rumba mwanzo mwisho. Nimekua nikijua jazz ni rumba iliyochomekea shati.

Sasa, mwaka juzi tukapata kazi ya harusi Nanganga. Watu wanakula, sisi tumepumzika, mara akaja mama mmoja mtu mzima, mrefu, mgongo umenyooka, akasimama mbele ya drums zangu anaziangalia kama anakagua gwaride.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema nimejifundisha, na nina miaka kumi kwenye jazz. Mdomo wangu huu, wakuu.

Akasema basi nimpigie hiyo jazz kidogo.

Nikampigia. Nikaweka na manjonjo yote, fimbo moja nikairusha juu nikaidaka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutingisha hata kidole. Kisha akasema, "Mikono unayo. Masikio bado." Akarudi kwenye pilau lake.

Nilikasirika, siwafichi. Nikauliza watu, huyu mkaguzi ni nani. Wakaniambia anaitwa Mama Bahati, wa Newala, sajini mstaafu. Alikuwa kwenye bendi ya matarumbeta ya vikosi huko Dar, kapuliza saksafoni miaka thelathini kwenye magwaride na mapokezi ya wakubwa. Sasa amerudi nyumbani, ana shamba lake la mikorosho na saksafoni yake.

Mtu akinidharau chakula hakishuki. Wiki iliyofuata nikapanda pikipiki mpaka Newala kumtafuta, nikiwa nimejiandaa kubishana.

Sikubishana.

Nilimkuta sebuleni. Mezani saksafoni imefunikwa kwa khanga, pembeni Biblia imechakaa, imejaa alama za penseli, na madaftari ya shule kama manne ameandika muziki mstari kwa mstari. Akanikaribisha chai na mihogo, akasema alijua nitakuja.

Kumbe alikuwa anatunga kitu kikubwa, jazz ya sehemu nne, yote inatoka kwenye Zaburi. Na haikuwa ile ya kuchukua pambio la kanisani ukaliwekea saksafoni juu. Alikuwa ameingia ndani ya maandiko yenyewe kuona yanavyotembea.

Akanisomea mstari mmoja polepole, akauliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia mstari. Akasoma tena, safari hii akanyamaza katikati. Hapo ndipo nikaona. Mstari wa Zaburi una nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema jambo, nusu ya pili inalisema jambo lilelile kwa maneno mengine, inaliongezea au inaligeuza upande. Ukurasa mzima unakwenda hivyo.

Akasema aliyeandika hivi alikuwa mpigaji, na jazz ndiyo kazi hiyohiyo. Unatoa sauti, kisha unairudia bila kuirudia. Akachukua saksafoni akanionyesha. Alipuliza nusu ya kwanza, akanyamaza, akapuliza ya pili. Wakuu, mimi Kiswahili nakijua na Biblia siijui, lakini nilisikia kabisa mtu anasema jambo halafu analisema tena kwa uchungu zaidi.

Halafu akanionyesha neno dogo limesimama peke yake mwisho wa baadhi ya mistari. Sela. Akasema hata wasomi wanabishana maana yake. Wengi wanadhani ni alama ya wapigaji, kwamba hapa waimbaji wanyamaze, vyombo viseme. Basi yeye kila alipokuta Sela akaweka nafasi ya mtu mmoja kupiga solo.

Mimi ni Mwislamu, nimekaa madrasa, najua Zaburi ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Daudi. Sikuwahi kufikiria kwamba ndani yake kuna sehemu ya mtu wa drums.

Nikamuomba anichukue. Akasema sawa, ila manjonjo niyaache Masasi.

(Mjomba wangu aliposikia naenda kupiga kanisani aliniita. Nikamweleza habari za Nabii Daudi. Akafikiri, akasema sawa, ila usirudi umebatizwa.)

Sasa niwaambie kwa nini alikuwa anatunga, maana bila hilo uzi huu ni kelele tu.

Mama Bahati ana mama yake, Bibi Anastazia, yuko Kitangari. Kalea watoto wengi kwa maji ya kubeba kichwani kutoka bondeni, kushuka na ndoo tupu na kupanda na mzigo, miaka na miaka. Ni kungwi, tena mkubwa. Wanawake wengi wa huko wamechezwa unyago mbele yake. Na ni Mkristo wa damu. Wageni msishangae, huku kwetu mtu anasali kanisani au msikitini na mwanawe anamchezesha unyago, hakuna ugomvi. Bibi kusoma hajui, lakini Zaburi anazo kichwani nyingi kuliko mwinjilisti.

Binti yake alipoajiriwa na kupangiwa bendi, Bibi alichukia. Kwake yeye tarumbeta ni kitu cha walevi, na mwanamke kukibandika mdomoni mbele za watu ni aibu. Akamwambia, ukija likizo hilo dude liache hukohuko. Basi Mama Bahati miaka yote ile akija nyumbani anakuja mikono mitupu. Bibi hajawahi kumsikia hata pumzi moja.

Anastaafu, anarudi na saksafoni, anakuta masikio ya mama yake yanaondoka. Moja lilishakufa. La pili linashika kitu kizito au kitu kilicho karibu sana, na daktari aliwaambia nalo halina safari ndefu.

Mama Bahati alitaka jambo moja tu, mama yake amsikie kabla sikio halijafunga. Kwenda kumpulizia uani pake aliogopa. Sajini mzima, anakaribia sitini, anamwogopa mama yake. Akaona apitie kwenye Zaburi. Sikukuu ya mavuno, ndani ya kanisa, maneno ambayo Bibi anayapenda kuliko chakula. Hapo hata akichukia atakaa asikilize.

Tulifanya mazoezi kila Jumamosi. Tulikuwa wanne. Kinanda alipiga mwalimu mmoja wa sekondari, besi alipiga fundi cherehani wa pale Newala, mtu mkimya ajabu.

Sijawahi kufundishwa muziki namna ile. Mimi nilizoea kujaza, kila nafasi natia kitu. Yeye ananisimamisha ananiambia niache hewa. Nikikosea hapigi kelele, anapuliza tu pale nilipokosea, tena na tena, mpaka aibu inanishika narekebisha. Nikirudi Masasi nilikuwa nasikia mpaka pangaboi la dukani linavyohesabu. Bendi yangu ya harusi wakaanza kulalamika kwamba siku hizi napiga kidogo.

Sehemu ya tatu ndiyo ilikuwa roho ya kazi yote. Imetoka kwenye ile Zaburi ambayo mtu ananyoosha mikono na kusema nafsi yake ina kiu kama ardhi kavu. Mtu wa Newala humfundishi maana ya maneno hayo. Saksafoni inaanza chini kabisa, inapanda kidogo, inapanda tena, pumzi inakata. Mwisho wa mstari wa kiu kuna Sela, na Sela hiyo akanipa mimi.

Siku ikafika. Kanisa limejaa, mbele ya altare magunia ya korosho, mihogo, mbaazi, kuku wamefungwa miguu wanalalamika. Nimekaa nyuma ya drums na kanzu yangu, kofia nimeweka mfukoni. Pembeni niliweka na ngoma mbili za kienyeji, tulizikausha asubuhi kwa moto wa majani makavu mpaka ngozi ikalia vizuri.

Bibi aliletwa na wajukuu, wakamkalisha benchi la mbele upande wa akina mama. Mdogo wa umbo, khanga mpya, ndonya ya zamani, lile pambo la mdomoni la Wamakonde, imebaki tundu tu kwenye mdomo wa juu.

Tukaanza.

Kusema ukweli tulipiga vizuri. Mama Bahati anasoma mstari, kisha saksafoni inajibu. Mwanzoni watu walikaa wima wameshikilia vitabu vyao, hawajui wapige makofi au watubu. Kufika katikati ya sehemu ya kwanza nikaona mzee mmoja amefumba macho anatingisha kichwa. Sehemu ya pili kwaya wakaanza kuitikia bila kuambiwa. Nilisisimka mpaka nywele.

Lakini mimi kutoka pale nyuma namwona Bibi. Alikuwa anaangalia kuku.

Hasikii. Kanisa kubwa, bati juu, sauti inazunguka huko inapotea. Na Mama Bahati kaona. Alikuwa anapuliza huku jicho liko kwa mama yake, na Bibi anaangalia kuku.

Sehemu ya tatu akasogea mbele kidogo. Akapuliza ule mpando kwa nguvu zake zote, shingo imemtoka mishipa. Wapi. Akafika mwisho, akasoma mstari wa kiu, akasema Sela, akanigeukia.

Wakuu, hapa ndipo nilipoharibu.

Nilianza kama tulivyofanya mazoezi, pole, na hewa. Halafu nikamwangalia yule mama alivyosimama, saksafoni imening'inia, nikapata uchungu. Nikasema kama Bibi anasikia kizito tu, basi nitampa kizito. Nikaacha drums, nikashika zile ngoma mbili. Mikono ikatafuta mdundo wenye uzito, ikaupata. Ulitoka wenyewe, kama vile ulikuwa unasubiri. Nikaupiga, nikaona umekaa vizuri mno juu ya ile kiu, nikauongeza.

Kwanza waimbaji wa kike wakanyamaza. Kisha akina mama wote wa makamo kwenda juu wakainamisha vichwa. Wengine wakajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika, sijui wanacheka, sijui wanalia. Wasichana wawili wakatoka nje mbio. Wanaume wanaangaliana, hawajui kuna nini. Padri ni mgeni wa mkoa mwingine, yeye peke yake alikuwa anapiga makofi anatabasamu.

Nikamwangalia Mama Bahati. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri kofi.

Bibi akanyanyuka.

Huo mdundo ulikuwa wa unyago. Si ile ngoma ya kumtoa mwali mbele za watu, ile kila mtu anaicheza. Huu ni ule wa ndani, ambao mwanaume hatakiwi kuujua, seuze kuupiga, seuze kanisani mbele ya altare. Mimi niliusikia nikiwa mtoto wa miaka sita, saba, nilipokaa kwa bibi yangu Newala. Mchana ukipigwa ng'ambo ya mikorosho, sisi watoto wa kiume tunafukuzwa na fimbo. Tulikimbia. Masikio yangu kumbe hayakukimbia. Nilishasahau kabisa kama ninao, na jina lake wala maana yake sikuwahi kuvijua.

Bibi alikuja taratibu mpaka nilipokaa. Kanisa kimya, kuku peke yao wanaongea. Akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma. Akaniangalia. Akageuka akatoka nje, na nusu ya akina mama wakatoka nyuma yake.

Sehemu ya nne hatukuipiga. Padri alianzisha wimbo, watu wakaimba wakiwa hawapo.

Nilimuomba Mama Bahati msamaha pale nje. Akasema si kosa langu peke yangu, yeye ndiye kiongozi wa bendi. Alikuwa anafungua saksafoni yake vipande vipande anaifuta, hanitazami. Akasema tu kwamba mama yake amesikia kitu kimoja katika kazi yake yote, na ni hicho. Nilitamani ardhi inimeze.

Nafika Masasi, habari imeshatangulia. Mke wangu kwao ni Newala. Aliniuliza mara moja tu nani kanifundisha, nikamwambia, akaingia ndani, siku mbili ananijibu kwa kichwa. Nikimuuliza kwani mdundo ule unasema nini, anatoka nje anaenda kucheka kwa jirani.

Siku ya tatu ikaja simu. Naitwa Kitangari kwa makungwi. Na nije na mjomba.

Kwa msiojua, kwetu ukiwa na kesi ya mila baba yako hana la kusema. Anayesimama ni kaka wa mama yako. Mjomba wangu alipanda nyuma ya pikipiki yangu kutoka Masasi mpaka Kitangari, njia nzima ananisema sikioni. Alikuwa na uchungu. Alisema laiti ningebatizwa tu ingekuwa nafuu.

Tulifika saa tisa alasiri. Uani pa Bibi, makungwi sita wamekaa kwenye mikeka, Bibi katikati. Mama Bahati yupo pembeni, kapiga magoti na saksafoni iko mbele yake kama kielelezo cha mahakamani. Tukaamkia wote, mmoja mmoja. Tukaitikiwa, lakini chai hatukupewa.

Mjomba akanisemea. Kijana wetu kakosa, hakutumwa, hakufundishwa, aliokota utotoni. Wakaniuliza mimi. Nikasema ukweli. Kungwi mmoja alinibana sana, anataka jina la mwanamke aliyenifundisha. Nikaapa hakuna. Ilibidi warudie kila kitu kwa sauti ya juu kwenye lile sikio la Bibi.

Faini ikatajwa, jogoo mmoja, kaniki moja na debe la unga. Na mdundo ule nisiuguse tena, hata mezani kwa kidole. Mjomba akakubali haraka kabla sijafungua mdomo, maana ananijua.

Nikadhani tumemaliza. Bibi akasema bado.

Alisema anataka aonyeshwe mahali mdundo ulipoingia. Kwani maneno ya Mungu yalikuwa yanasema nini pale? Kama uliingia kwenye jambo la mzaha ni kosa moja, kama uliingia kwenye jambo zito ni kosa jingine. Hawezi kufunga kesi bila kujua. Mimi nisipige, apige aliyepiga kabla yangu.

Nikaona mikono ya Mama Bahati inatafuta mkanda wa saksafoni kama hajawahi kuuvaa.

Akasimama. Bibi akamwambia asogee, haoni vizuri na hasikii vizuri. Akasogea. Akaambiwa asogee tena, mpaka saksafoni ikawa hatua mbili kutoka kwa lile sikio.

Akasema ule mstari wa ardhi yenye kiu kwa sauti, mama yake akatikisa kichwa, anaujua. Kisha akapuliza.

Nimempigia huyu mama Jumamosi nyingi, lakini vile sijawahi kumsikia. Hakukuwa na spika, hakukuwa na kinanda. Sauti ilianza chini, nzito, kavu, ikapanda kidogo ikasimama, ikapanda tena. Mjomba wangu, mtu ambaye hajui saksafoni ni mdudu gani, aliacha kuchokonoa meno. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwenye mdomo wa chombo, macho yamefumba.

Mama Bahati akafika juu, akashusha pumzi, akanyamaza kwa ajili ya Sela.

Bibi akafungua macho, akasema, "Hapo umepumzika mapema. Mlima bado."

Hakuna aliyemwambia kwamba ule ni mlima. Mimi mwenyewe nilikuwa naambiwa ni kiu. Mama Bahati mpaka siku hiyo hakuwahi kumweleza mtu yeyote kwamba sehemu ile aliitunga kwa hatua za mama yake anavyopanda kutoka bondeni na maji kichwani.

Mama Bahati akakaza mkanda wa saksafoni. Akauliza, "Nipumzikie wapi, Mama?"

"Kule juu, penye jiwe. Chini ya hapo ukitua mzigo hunyanyuki tena. Anza upya."

Akaanza upya. Na safari hii Bibi akaanza kujipiga pajani kwa kiganja, taratibu, hatua ya mtu aliyebeba. Hii si siri, alisema baadaye, kila mwanamke wa huku aliyebeba maji anayo. Kungwi wa pembeni akaingia, na mwingine, wote sita. Nikajikuta mikono inaniwasha. Bibi akaniona. Akasema wewe tulia na mikono yako hiyo.

Saksafoni ilifika pale ilipopumzika mwanzo, ikapita. Ikapita tena. Nilijua hana pumzi, nilikuwa naona uso wake, machozi na jasho vimechanganyika, mabega yanapanda. Viganja havikumwachia. Akapanda mpaka juu kabisa, sauti moja ndefu, nyembamba, na viganja vyote vikasimama pamoja. Sijui walijuaje. Nadhani wote walilijua lile jiwe.

Bibi akasema, "Ndiyo hapo." Kisha akaagiza tupewe chai.

Kesi ikafungwa. Kosa langu likaandikwa la jambo zito, kwa hiyo jogoo alibaki palepale.

Tukiwa tunaondoka nikamsogelea Mama Bahati, nikamwambia pole, hata hakusifiwa, alikosolewa tu. Alinicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Akaniambia, "Baba Nuru, miaka thelathini niliogopa atasema ni kelele. Kelele hazisahihishwi."

Wakuu, nimeendesha pikipiki mpaka Masasi na sentensi hiyo, mjomba nyuma kanyamaza.

Sehemu ya tatu ameiandika upya. Sasa Sela inakuja mbali zaidi, na kabla yake hakuna drums kabisa, ni viganja tu, hatua za wabeba maji. Mwezi wa pili baada ya hapo sikio la Bibi likafunga jumla. Sasa hivi wanamwambia mambo kwa mikono. Kwa hiyo mchana ule uani ndio huo, hakuna mwingine.

Vitu nilivyojifunza mimi ni viwili. Cha kwanza, masikio yanaokota vitu ambavyo mikono haina ruhusa navyo, na ukubwa ni kujua tofauti. Cha pili kimenigusa zaidi. Tunahangaika kutafuta makofi ya watu wasiotujua, kumbe mtu akiipenda kazi yako anakuonyesha pale ulipotua mzigo kabla ya wakati.

Nimemaliza. Kosoeni, ongezeni, mnaojua Zaburi nirekebisheni nilipokosea. Na kama kuna mtu wako hajawahi kukusikia na bado anasikia, funga hii simu uende.